Maua ya Zhengzhou na vijana tunaowaita watiifu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya usemi ambao umekuwa wimbo katika mijadala yetu, na ambao msomaji mwenzangu aliurudia katika safu hii wiki iliyopita: kwamba China imeendelea kwa sababu vijana wake wanatii na hawajishughulishi na siasa, na kwamba vijana wetu wakifunga mdomo vilevile nasi tutafika. Nimesoma Zhengzhou, makao makuu ya jimbo la Henan, tangu 2019 hadi 2023. Vijana anaowaeleza msomaji huyo sikuwahi kukutana nao.

Tarehe 20 Julai 2021 Zhengzhou ilinyeshewa mvua ambayo sijaiona hata masika ya kwetu Morogoro. Ndani ya saa moja, alasiri ile, zilianguka milimita 201.9. Maji yaliingia katika njia namba 5 ya treni ya chini ya ardhi, yakawakuta abiria ndani ya mabehewa, yakapanda mpaka shingoni. Watu 14 walikufa humo. Mtandao uliporudi, rafiki yangu, binti wa Henan tuliyekuwa tukifundishana lugha, alinionyesha jedwali ambalo mwanafunzi mmoja wa chuo alilifungua usiku wa mafuriko: waliokwama, mtaa walipo, ni wangapi, kuna mzee au mjamzito. Kila mwenye taarifa aliongeza mstari wake. Wengine walipiga simu kuhakikisha, wakaweka alama pale mtu alipookolewa. Katika muda wa siku moja lilifunguliwa zaidi ya mara milioni mbili. Hakuna ofisi iliyowatuma.

Siku ya saba, ambayo kwa mila zao roho ya marehemu hurudi nyumbani, watu walipeleka maua kwenye mlango wa stesheni ya Shakou Lu. Rafiki yangu alibeba shada dogo la maua meupe, amelifunga kwa gazeti lisinyauke na joto. Jioni vizuizi viliwekwa kuyazunguka maua yale, yasionekane barabarani. Watu wakaviondoa kwa mikono yao. Hapakuwa na kelele wala hotuba. "Hatukuja kugombana na mtu," aliniambia, "tunataka tu waonekane."

Januari 2022 tume iliyoundwa na serikali kuu ilitoa ripoti yake: jimbo zima walikufa au kupotea watu 398, na kati yao 139 walikuwa wamefichwa au kucheleweshwa kuripotiwa na viongozi wa ngazi za chini. Rafiki yangu aliisoma yote. Aliona Beijing imesema kweli, na hasira yake yote ikawaangukia wakubwa wa pale mjini. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa siasa yao. Nchi anaipenda bila kusitasita. Bibi yake aliipitia njaa kuu ya 1959 hadi 1961, na Henan ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoumia vibaya. Mjukuu anapanda treni ya mwendokasi kwenda Beijing na kufika kabla chai haijapoa vizuri kwenye chupa. Ukimwambia nchi yake haijafanya lolote la maana, mtakosana. Lakini upendo huo haumzuii kuuliza nani alificha maiti 139.

Tuje kwenye ajira. Juni 2023, mwezi nilioondoka, takwimu zao rasmi zilionyesha vijana wa mijini wa miaka 16 hadi 24 wasio na kazi wamefika asilimia 21.3. Agosti serikali ikaacha kuzitangaza, ikazirudisha Januari 2024 kwa hesabu mpya isiyowahesabu wanafunzi. Kijana aliyeshinda mtihani wa kuingia chuo kikuu katika jimbo linalotoa watahiniwa zaidi ya milioni 1.3 kwa mwaka anahitimu, kisha anazungusha vyeti vyake kama tunavyozungusha bahasha zetu za kaki. Akipata kazi, mara nyingi ni ile wanayoiita 996: saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. Mahakama ya Juu kabisa ya China ilitamka mwaka 2021 kwamba ratiba hiyo ni kinyume cha sheria, lakini bado ipo. Ndiyo maana mwaka huohuo neno tangping, yaani kulala chali na kuacha kukimbizana na kazi, lilienea kama moto. Wazee wanaliita uvivu. Mimi nalisikia kama mgomo wa mtu ambaye hana chama cha kumwitishia mgomo.

Na waliosema waziwazi wapo pia. Novemba 2022, baada ya moto wa ghorofa kuua watu 10 mjini Urumqi wakati wa masharti makali ya korona, vijana wa Shanghai, Beijing na miji mingine walitoka usiku wa baridi wameshika karatasi nyeupe zisizo na neno hata moja. Baadhi walikamatwa. Mwezi uliofuata masharti yalilegezwa. Mtu asiyejishughulisha na siasa hawezi kubuni karatasi ile.

Hata matembezi yana siasa yake. Mwaka 2024 wanafunzi wanne wa kike wa Zhengzhou walikodi baiskeli za mtaani wakaendesha usiku kucha, kilomita kama 50, hadi mji jirani wa Kaifeng kula maandazi ya mvuke yenye mchuzi ndani. Kaifeng ikafurahi, ikawakaribisha vijana. Novemba walipofika makumi ya maelfu kwa usiku mmoja, bendera zikipepea juu ya baiskeli na nyimbo za taifa zikiimbwa, njia zilifungwa na vyuo vikaanza kuwabana wanafunzi wasitoke. Rafiki yangu alinitumia video: barabara nzima ni baiskeli, hakuna anayesukuma mwenzake. "Tulikuwa tunaimba wimbo wa taifa," aliandika, "wakaogopa nini?"

Tarehe 1 Desemba mwaka ule alifanya mtihani wa utumishi wa umma, akiwa mmoja kati ya watu milioni 3.4 waliopitishwa kugombea nafasi zisizofika 40,000. Hakupata. Anajiandaa tena, kwa sababu anataka kuwa afisa katika mji wake, mahali ambapo hesabu ya waliokufa huandikwa.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu wa sekondari, Morogoro