Barua kwa Baba Neema: kabla fundi hajafungua silinda hedi

Morogoro,
Jumapili jioni.

Ndugu yangu mpendwa Baba Neema,

Nakusalimu wewe, Mama Neema na watoto wote. Sisi hapa hatujambo, ila tangu uliponipigia simu juzi na kunieleza kwamba Corolla yako imechemsha katikati ya mlima Kitonga, sijatulia. Mtandao ulikuwa ukikatika na jambo lenyewe linataka maelezo marefu, ndiyo maana nimeona nikuandikie. Ninakuomba sana usimruhusu fundi kufungua silinda hedi, yaani kile kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu, wala usikubali kununua injini ya mtumba, kabla gari halijapimwa hatua kwa hatua kama nitakavyoeleza. Mpaka vipimo vya mwanzo vikamilike, tafadhali usiliwashe hata kwa dakika moja.

Ulisema mpira wa juu wa rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ulipasuka, mshale wa joto ukapanda hadi mwisho, kisha baada ya kilomita kama mbili ukashuka wenyewe, nawe ukadhani injini imepoa. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa kuwa gari langu la kwanza liliniharibikia kwa namna hiyo hiyo. Kipimo cha joto hukaa ndani ya maji. Maji yakiisha, hubaki katika hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka ilhali chuma kinazidi kuungua. Kwa hiyo mshale hauwezi kutuambia joto lilifika wapi, na inatupasa tuichukulie injini hiyo kuwa ilitembea bila maji. Injini yako ya 5A ina bloku, yaani mwili wake wenye silinda, ya chuma cha kusubu na hedi ya aluminiamu, nayo aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma hicho kwa joto lile lile. Hedi iliyobanwa na boliti haina pa kutanukia, hivyo hupinda, na gasketi, yaani kizibo chembamba kilicho kati ya hedi na bloku, ndiyo inayoumia.

Anza na oili. Chomoa kijiti cha kupimia uitazame: oili iliyoingiliwa na maji hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Lakini usiihukumu injini kwa utando mweupe ulio chini ya mfuniko wa oili peke yake, kwa sababu katika baridi ya Iringa, gari linalokwenda safari fupi za nyumbani na kazini hukusanya unyevu mahali hapo hata likiwa zima kabisa. Njia ninayoiamini zaidi ni kuliacha gari usiku kucha, kisha asubuhi fundi alegeze kidogo tu nati ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatakuwa yametulia chini na yatatangulia kutoka. Yakitoka maji, msiizungushe injini hata kidogo mpaka oili yote imwagwe.

Kisha zitolewe plagi zote nne na zipangwe mezani kwa utaratibu wa silinda zake. Plagi ya silinda iliyokuwa ikinywa maji huonekana safi mno kuliko wenzake, kana kwamba imeoshwa kwa mvuke. Plagi zikiwa bado nje, na umeme wake ukiwa umekatwa, pigeni stata kwa sekunde chache mkiwa mmesimama mbali na matundu. Maji yaliyojikusanya juu ya pistoni yatarushwa nje bila madhara, ilhali yangekutana na plagi iliyofungwa yangeweza kupinda mkono wa pistoni, kwa kuwa maji hayashindiliki. Ni kwa sababu hiyo nimekusihi usiliwashe.

Baada ya hapo ipimwe kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kushindilia hewa, akseleta ikiwa imekanyagwa hadi chini na betri ikiwa na nguvu za kutosha. Kwa injini iliyochemsha, ninaangalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda kuliko kiwango chenyewe. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, ni dalili kubwa kwamba gasketi imeungua kwenye ukuta mwembamba uliopo kati yake. Ikiwa ni moja tu iliyo chini, mwambie fundi amimine kijiko cha oili ndani yake na apime tena. Kompresheni ikipanda, ujue ringi za pistoni, zile pete zinazoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda, zimelegea, na isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Uangalie sana jambo la ringi, Baba Neema, kwa sababu joto kali huziondolea ule mkazo wa kusukuma ukuta wa silinda, na hapo hata ukibadilisha gasketi na kusawazisha hedi utabaki na gari linalokula oili na kutoa moshi wa bluu. Mafundi wengi hulikumbuka hilo wakati hedi imekwisha kurudishwa na fedha zimekwisha kulipwa.

Kama hadi hapo mambo ni mazuri, fungeni mpira mpya, jazeni maji, kisha fundi apachike pampu ya kupimia mahali pa mfuniko wa rejeta na kupandisha presha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wenyewe. Iachwe robo saa. Presha ikishuka na hakuna tone linaloonekana nje, maji yanapita ndani. Mfuniko nao upimwe au ubadilishwe, maana presha inayozuiliwa nao ndiyo inayochelewesha maji kuchemka. Huko Iringa maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, kwa hiyo mfuniko mchovu unaweza kulichemsha gari lisilo na kosa lingine lolote.

Ndipo liwashwe. Shika mpira wa juu baada ya dakika moja au mbili, injini ikiwa bado ya baridi: ukiwa umeshakuwa mgumu kama tairi, gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Kuna pia dawa ya bluu ambayo hugeuka njano ikikutana na gesi hiyo juu ya maji ya rejeta, na ukimpata fundi mwenye nayo huko Iringa, mtumie.

Fundi wako atakushauri kuondoa thamostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ili gari lisichemshe tena. Nakuomba ukatae. Injini isiyo na thamostati huchelewa kufikia joto lake la kazi na hutumia mafuta zaidi, wala kuiondoa hakuzibi gasketi iliyoungua. Na kwa kuwa gari lako ni la otomatiki, angalia pia haidroliki ya gia, yaani oili yake, maana hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo; ikiwa imegeuka rangi ya waridi yenye maziwa, maji yameingia kwenye gia boksi, na hilo halisubiri.

Ikilazimu hedi ifunguliwe, isirudishwe bila kupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka. Kwa injini za aina hiyo, kupinda kunakozidi milimita 0.05 upande wa bloku hakukubaliki, na uso wa bloku nao upimwe. Mimi nilibadilishiwa gasketi tu, hedi ikapanguswa kwa msasa na kurudishwa bila kipimo chochote. Baada ya wiki tatu gari lilichemsha tena karibu na Mikumi, na safari hiyo injini ilinoki, ikafa kabisa. Ile gari ndiyo iliyokuwa ikimpeleka mama hospitali kila mwezi, na uchungu wake sijausahau.

Mpira wa rejeta nimeshaununua hapa Msamvu, pamoja na mfuniko mpya na thamostati. Ijumaa asubuhi nitapanda basi na kuja na geji yangu ya kompresheni, hivyo mwambie fundi atusubiri, na ufunguo wa gari akae nao Mama Neema.

Nduguyo akupendaye,
Baba Salome