Skii zikiwa kuukuu si neno, vifungo viwe vya sasa

Kwa Mhariri,

Naandika kuhusu jambo ambalo msomaji wa Nakuru anaweza kudhani halimhusu, kwa kuwa huku kwetu theluji tunaisikia habarini tu. Hata hivyo, vijana wetu wengi wako Ulaya na Marekani kwa masomo na kazi, baadhi yao wameanza kuteleza kwa skii majira ya baridi, na wazazi na jamaa waliobaki nyumbani ndio wanaoombwa mchango wa vifaa. Nilifanya kazi misimu kadhaa katika karakana ya duka la kukodisha skii nchini Austria kabla ya kurejea, na hadi leo naletewa picha kwa simu nitoe ushauri. Swali linalojirudia ni hili: skii mpya zimekwisha kununuliwa, fedha zimeisha, na mwenyeji wa kijana amemzawadia vifungo vya zamani, yaani vile vya kushikiza buti kwenye skii, vilivyokaa stoo miaka mingi, je, vifungwe kwenye skii hizo? Jibu langu ni kwamba fedha zimetumika upande usiofaa. Zikiwa chache, skii ndizo za kununuliwa zikiwa zimetumika, na vifungo viwe vipya au vya miaka ya karibuni.

Kifungo cha skii za kushukia mlima kina kazi mbili zinazovutana. Sharti kilishike buti barabara mteremko mzima, na sharti kiliachie mara tu mguu unapopindwa kupita kiasi. Kipande cha mbele huliachia buti kwa kando, na cha nyuma huliachia kuelekea juu. Kikishindwa kuliachia, skii yenye urefu wa zaidi ya mita moja na nusu hugeuka wenzo, na kinachopindwa na wenzo huo ni mfupa wa muundi. Hata vifungo vipya havizuii majeraha yote, hasa ya kano za goti, lakini mifupa mingi ya miguu imenusurika kwa sababu springi iliachia kwa wakati.

Nguvu ya kuachia hupangwa kwa namba ambayo mafundi huiita DIN. Namba hiyo haichaguliwi kwa kukisia. Hutafutwa kwenye jedwali kwa kuzingatia uzito na kimo cha mtu, umri wake, urefu wa soli ya buti kwa milimita na jinsi anavyoteleza; watoto wadogo na watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi hushushiwa namba. Tatizo la kifungo kikongwe ni kwamba namba inayosomeka kwenye kidirisha chake huenda hailingani tena na nguvu halisi iliyomo ndani. Kidirisha kinaweza kuonyesha 6 huku kifungo kikihitaji nguvu kubwa zaidi ili kiachie, na mvaaji hatajua mpaka aanguke.

Kwa macho, vifungo hivyo vinaweza kupendeza, kwa sababu chuma huzeeka polepole. Kinachochakaa ni plastiki, grisi na kile kibao chembamba kilicho chini ya ncha ya buti, ambacho kazi yake ni kupunguza msuguano buti linapotoka kwa kando. Nawashauri wanaoniuliza wapitishe ukucha juu ya kibao hicho: ukucha ukikwama kwenye mikwaruzo, soli ya buti nayo itakwama. Kisha watazame plastiki iliyozunguka matundu ya skrubu na pembe za kipande cha kisigino. Ikiwa imepauka na kuwa nyeupe, au ina nyufa nyembamba mithili ya unywele, basi vifungo hivyo vimekwisha, hata kama havikutumiwa kwa miaka kumi. Kukaa stoo hakuzuii plastiki kuzeeka.

Ziko pia sababu zisizoonekana kabisa. Watengenezaji wa vifungo hutoa kila mwaka orodha ya aina ambazo bado wako tayari kuwajibika kwazo. Aina ikishaondolewa kwenye orodha hiyo, maduka mengi, hasa ya Marekani, hukataa kuifunga, kuirekebisha au hata kuipima, kwa kuwa mteja akiumia lawama yote itakuwa ya fundi. Familia iliyotuma fedha kwa furaha hujikuta na kijana mwenye skii mpya ambazo hakuna karakana inayokubali kuzigusa, naye huishia kuazima keekee kwa rafiki na kuzitoboa mwenyewe nyumbani. Hapo ndipo roho yangu huuma zaidi. Tundu huhitaji kuwa na kina cha takriban milimita 9 tu, kwa keekee ya milimita 4.1 pale skii ilipo na bamba la metali ndani, na nyembamba kuliko hiyo pale isipokuwa nalo. Mkono ukizidisha kidogo, ncha hutokea upande wa pili na skii imeharibika kabla ya kukanyaga theluji. Skii nyingine mpya hata hazikubali kutobolewa, kwani huja na reli ambayo hupokea vifungo vya aina moja tu.

Mabuti nayo yamebadilika. Zamani soli ya buti la mteremko ilikuwa bapa na ngumu, na vifungo vya wakati huo vilitengenezwa kwa ajili yake. Leo mabuti mengi madukani yana soli ya GripWalk, yenye mpira na mkunjo unaorahisisha kutembea, ambayo haifai kutiwa kwenye kifungo kisichotengenezwa kuipokea, hata kama inaingia na kulia “ka!” kama kawaida. Kuhusu breki, ile mikono ya kifungo inayozuia skii isikimbie peke yake buti likitoka, sitasema mengi: skii za siku hizi ni pana kuliko za miaka ya 1990, mikono ya breki za zamani haizifikii kingo, na kuipinda kwa koleo si dawa.

Nimeulizwa iwapo haya yote yanahusu pia skii za nyikani, za kwendea masafa marefu juu ya theluji, zile alizotumia Philip Boit alipotuwakilisha kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Nagano, Japani, mwaka wa 1998, ambako bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei alimngoja mwishoni ili ampongeze. Hapana, si yote. Skii hizo ni tofauti na za mteremko alizotumia Mkenya mwenzake Sabrina Simader kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka wa 2018: kifungo cha skii za nyikani hushika ncha ya kiatu peke yake, kisigino kiko huru, na hakina springi ya kuachia inayopaswa kupimwa. Kwa hiyo kifungo cha nyikani kilichotumika, kikiwa kizima, kinaweza kufungwa bila hofu, mradi kioane na kiatu. Viatu na vifungo hivyo huundwa kwa mifumo tofauti; kijana asichukue kifungo cha mfumo uitwao SNS kwa sababu tu ni cha bure, maana viatu vipya vya mfumo huo vimekuwa adimu. Achukue cha mfumo uitwao NNN au kinachooana nacho.

Kwa skii za mteremko, ambaye tayari ameletewa vifungo vya zamani asivifunge kabla ya karakana kuvipima kwa mashine, pamoja na mabuti yake mwenyewe, na kumpa matokeo kwa maandishi. Fundi akikataa, jibu limepatikana. Na kwa jamaa ambao bado wanachanga hapa Nakuru, nawasihi wangoje mwisho wa msimu, Machi au Aprili, wakati maduka ya kukodisha huuza skii zao pamoja na vifungo vilivyokuwa vikihudumiwa. Vifungo hivyo mara nyingi husogezwa kwenye reli kulingana na urefu wa buti, kwa hiyo hakuna haja ya kutoboa tundu lolote, na kinachobaki ni kijana kwenda dukani na mabuti yake na kutaja uzito wake wa kweli.

Msomaji wako,
Lanet, Nakuru