Kibandiko cha kukata mionzi ya simu

Mhariri,

Hivi karibuni nilikwenda kununua kava la simu, na muuzaji akanisihi niongeze kibandiko cha rangi ya dhahabu ambacho, kwa maelezo yake, hukata mionzi yote. Mimi nilikataa, lakini wateja wawili waliokuwa nyuma yangu walikinunua.

Simu huwasiliana na mnara kwa mawimbi ya redio, ambayo hayana nguvu ya kuharibu chembe hai za mwili kama ilivyo kwa eksirei. Athari yake iliyothibitishwa ni kuupasha mwili joto, na ndiyo maana vikomo vya usalama huhesabiwa kwa wati zinazofyonzwa na kila kilo ya mwili: Umoja wa Ulaya unaruhusu wati 2 kwa kichwa na kiwiliwili, na 4 kwa mikono na miguu, viwango vilivyowekwa chini sana ya pale joto linapoanza kudhuru. Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 baada ya kuikuta na wati 5.74 mahali palipotakiwa zisizidi 4, na Apple ikairekebisha simu hiyo kwa kubadili programu yake, wala si kwa kuibandika kitu mgongoni.

Simu hujipangia yenyewe nguvu ya kurusha mawimbi: mnara ukiwa karibu hunong'ona, mtandao ukiwa hafifu hupaza sauti. Kwa hiyo kibandiko ambacho kweli kingezuia mawimbi kingeilazimisha simu kuongeza nguvu, na kumaliza betri mapema. Kisichozuia chochote ni fedha iliyotupwa.

Siwacheki wenye hofu, kwani mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, ingawa ushahidi wenyewe ilisema ni finyu. Mwenye hofu na aongee kwa spika au vipokea sauti vya masikioni, kwa kuwa hata sentimita chache hupunguza sana mawimbi yanayoufikia mwili, na apunguze maongezi marefu safarini mtandao unapokatikakatika.

Simu nyingi huonesha kipimo chake cha wati zinazofyonzwa na mwili mtu akibonyeza *#07#, lakini mara nyingi kwa Kiingereza. Naziomba mamlaka husika ziagize kipimo hicho kiandikwe kwa Kiswahili kwenye boksi, na anayeuza vibandiko adaiwe cheti cha maabara kabla hajavipanga kabatini.

Msomaji wako,
Morogoro