Barua kwa binti yangu anayekwenda Wisconsin

Mwanangu,

Jana usiku ulipokwenda kulala nilirudi sebuleni nikauchukua ule mkataba wako wa kazi ya kiangazi Marekani mezani. Uliniomba niupitie harakaharaka kwa kuwa mdhamini, lile shirika linalosimamia safari yenu, anausubiri. Sikuupitia harakaharaka. Nimeusoma mara tatu, kalamu mkononi, kisha nikaona heri nikuandikie kuliko kukukalisha kitako tena, maana mbele yako maneno yangu hugeuka hotuba na wewe huanza kuchezea simu.

Ile picha yangu nimesimama ufukweni Ocean City, Maryland, umeiona tangu utotoni. Kiangazi cha mwaka 1998, nimevaa fulana ya bluu, natabasamu. Wageni wakija huwa unawaonyesha: baba alipokuwa Marekani. Hujawahi kuniuliza kwa nini mikono nimeificha mgongoni.

Nilikuwa naosha vyombo katika mkahawa wa hoteli. Barua ya kazi niliyopewa kabla ya kuondoka ilisema saa 40 kwa wiki, dola 5.15 kwa saa, ambayo ndiyo ilikuwa kima cha chini cha taifa zima mwaka ule. Ilichokuwa haisemi ni kwamba mvua ikinyesha watalii hawaji, na watalii wasipokuja, mwosha vyombo anaambiwa mlangoni arudi alale. Tulikuwa tisa katika nyumba ya vyumba viwili. Kodi ya kitanda ilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara, dola 75 kila wiki, umefanya kazi hukufanya. Nakumbuka wiki moja ya Julai nilipata saa 22. Hesabu yake ninayo kichwani mpaka leo: dola 113 na senti 30, toa kitanda, toa kodi ya serikali, nikabaki na dola 27. Glavu tulizopewa zilitoboka wiki ya kwanza, nyingine hazikuja. Ile dawa ya klorini ya kusafishia sahani ilikuwa inaingia katikati ya vidole, ngozi inabambuka kama maganda ya kitunguu.

Na kila Jumapili nilimwandikia bibi yako kwamba nimenenepa.

Ndugu walikuwa wamechanga nauli. Ningewaambia nini? Kwamba mtoto wao waliyemsindikiza kwa nyimbo anakula mkate na siagi ya karanga jioni baada ya jioni? Nikawa naandika habari za bahari, habari za Wapolandi niliokuwa nakaa nao, habari za magurudumu makubwa ya kupanda watoto. Zote za kweli. Kazi na pesa sikuzigusa, au nilizigusa kwa uongo.

Sasa turudi kwenye karatasi yako. Nimepigia mstari mahali pawili.

Pa kwanza ni hapa: “wastani wa saa 32 kwa wiki, kulingana na msimu”. Wewe umeona 32. Mimi nimeona “kulingana na msimu”. Tupige hesabu pamoja. Dola 12 za kila saa mara 32 ni 384. Kodi ya chumba wameandika 125 kwa wiki, inabaki 259. Kodi ya mapato, ya taifa na ya jimbo, weka kama 50, kwa sababu ninyi wa viza ya J-1, ya wanafunzi wa mpango wa kufanya kazi kiangazi, hamna ule msamaha wa kiwango cha kwanza wanaopata wenyeji. Mnatozwa tangu dola ya mwanzo. Inabaki 209. Chakula, ukijipikia na usipokuwa mtu wa kununua vya mikahawani (na wewe ni mtu wa kununua vya mikahawani), tuseme 70. Zinabaki 139. Mara wiki 12 ni dola 1,668. Hapo hujanunua sabuni wala laini ya simu. Zamu zikishuka mpaka saa 24, unabaki na dola 55 hivi kwa wiki, na wiki zote 12 hazifiki hata 700. Weka hiyo kando ya nauli, ada ya mdhamini, dola 185 za ombi la viza na 35 za SEVIS, daftari la serikali yao la wanafunzi wa kigeni, kisha uniambie mwenyewe kama unakwenda kutafuta mtaji.

Sikukatazi kwenda. Nataka upande ndege ukijua kwamba pesa hizo zinaweza kurudisha gharama, zikazidi kidogo, au zisirudishe. Yule wakala aliyekuja chuoni kwenu na picha za vijana wamekumbatia magari ana sababu zake za kutopiga hesabu hii. Kabla ya kusaini, mwandikie mdhamini swali moja: mwajiri anahakikisha saa ngapi, siyo wastani, saa za chini kabisa? Na chumba mnakaa wangapi? Jibu liwe la maandishi. Wakikujibu kwa simu, waombe waandike.

Pa pili ni makato. Hati ya mshahara ikija, tafuta mistari miwili: Social Security na Medicare. Hiyo ni michango ya pensheni na matibabu ya uzeeni ya Wamarekani, na mwanafunzi wa J-1 asiye mkazi hapaswi kukatwa. Wahasibu wa hoteli wengi hawajui, au wanasahau, kwa kuwa kompyuta hukata yenyewe. Ni asilimia 7.65, kwa mshahara wako ni karibu dola 29 kwa wiki. Usigombane. Nenda ofisini na karatasi yako, waambie wewe ni J-1, waombe warudishe. Hati zote za mshahara zipige picha, uniletee. Mwaka unaofuata, kabla ya Aprili 15, utajaza fomu 1040-NR, ya kodi ya mapato kwa wasio wakazi, na mara nyingi kuna kitu hurudi. Mimi sikujaza. Sikujua hata kama ipo.

Mengine yamekaa vizuri kuliko enzi zangu, na sababu yake uijue. Mwaka 2011 mamia ya wanafunzi wa mpango huuhuu waligoma huko Pennsylvania, kwenye ghala la kufungasha chokoleti. Walikwenda kwa ajili ya “kubadilishana utamaduni”, wakajikuta wananyanyua maboksi usiku, na makato ya nyumba yanakula mshahara. Walitoka nje na mabango. Mwaka uliofuata Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikabadilisha kanuni: hakuna tena kuwapeleka wanafunzi viwandani, machimboni, kwenye ujenzi wala mashambani, na hakuna kazi ambayo saa zake nyingi zinaangukia kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili alfajiri. Kwa hiyo msimamizi akikwambia uhamie zamu ya usiku ya kufua mashuka kwa kuwa watu wamepungua, una la kumjibu, na mdhamini anatakiwa kusimama upande wako. Mdhamini huyo analazimika kuwasiliana nawe kila mwezi. Asikupate kimya. Ukifika, jiandikishe kwake ndani ya siku kumi, na ukihama nyumba mjulishe. Ukipata kazi ya pili, usianze hata zamu moja kabla hajaikubali.

Siku ya usaili ubalozini watakupa kijitabu chembamba kinachoitwa Wilberforce. Sheria yake ya mwaka 2008 imepewa jina la yule mbunge Mwingereza aliyepigana na biashara ya watumwa, kwa hiyo usikifanye cha kufutia meza. Kimeandikwa haki zako na namba ya kupiga ukiona mambo yameharibika. Kubwa lililomo: hakuna mtu mwenye ruhusa ya kukushikia pasipoti. Si mwajiri, si mwenye nyumba, si “kwa usalama tu”. Yetu sisi ilikuwa kwenye droo ya meneja, tukaona ni ustaarabu.

Bima soma mwenyewe. Kisheria lazima ifike angalau dola 100,000 kwa ugonjwa au ajali moja, lakini sehemu ya kwanza ya gharama unaweza kutakiwa kuilipa wewe, hadi dola 500. Ukiumia kazini hiyo ni habari nyingine, ni fidia ya mwajiri. Toa taarifa siku hiyohiyo. Halafu kuna baiskeli. Najua mtanunua baiskeli, wanafunzi wote hununua, na wengi wamegongwa wakirudi zamu ya jioni bila taa. Nunua taa kabla ya baiskeli. Helmeti pia, hata kama inaharibu nywele.

Sasa nikwambie ya furaha, nisionekane mzee wa mikosi. Mwisho wa msimu ule nilipanda basi hadi Washington na akiba niliyokuwa nayo. Makumbusho ya Smithsonian hayana kiingilio, nami nilikuwa na dola arobaini, basi tukapatana. Nilishinda humo siku mbili. Jioni nilikaa kwenye ngazi za jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln na Mpolandi mmoja tuliyekuwa tunaosha vyombo sinki moja, tukala mkate wetu uleule, na sijawahi kula mkate mtamu kama ule. Kiingereza ninachotumia kazini mpaka leo nilikipata kwenye sinki lile, si darasani. Ningeambiwa nirudie kiangazi kile na dola zake 27, nadhani ningekwenda. Ila ningeandika barua tofauti.

Wewe utakuwa Wisconsin Dells. Nimeangalia ramani. Mto Wisconsin umechonga majabali ya mchanga pale, ndiyo yaliyowaleta watalii kabla ya hayo mabwawa ya kuteleza. Kulikuwa na mpigapicha mmoja, H. H. Bennett, ambaye mkono wake uliumizwa kwenye vita yao ya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1886 alimpiga picha mwanawe Ashley akiruka hewani kutoka jabali hadi jabali, wakati ambapo kamera nyingi zilikuwa haziwezi kukamata mtu anayetikisika. Nimeitazama sana picha hiyo wiki hii. Kila mtu anamsifu baba kwa ufundi wa kamera. Mimi nawaza alivyosimama pale, mkono mbovu kwenye mtambo, anamwambia mtoto ruka. Studio yake ipo bado mjini, ni makumbusho. Nenda ukaione kwa niaba yangu.

Kazi ikiisha, una siku 30 za kutembea baada ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye DS-2019, ile hati ya mpango uliyopewa na mdhamini. Ni za kutembea tu. Usifanye kazi hata siku moja, hata mtu akikusihi kwa fedha taslimu. Treni ya Empire Builder inasimama pale Wisconsin Dells ikielekea Chicago, kwa hiyo huna haja ya kuomba lifti. Tenga pesa ya safari hiyo tangu wiki ya kwanza na usiiguse. Ukiitegemea akiba ya mwisho haitakuwepo.

Halafu hili ndilo lililonitoa usingizini. Siku niliyorudi, bibi yako alikuwa uwanja wa ndege na watu wengine kumi na kitu. Wote walinirukia. Yeye alisubiri. Walipomaliza alinishika mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu, kisha chini, akaangalia katikati ya vidole. Akasema, “Kuanzia barua ya tatu mwandiko wako ulianza kulala. Nikajua kalamu inakuuma.” Hakusema zaidi, wala hakuniuliza habari za kunenepa. Alikuwa amekaa na barua zangu miezi mitatu akizisoma kwa jicho hilo, hana namba ya kupiga, hana wa kumuuliza.

Wewe hutaandika barua, utatuma ujumbe, na herufi za simu hazilali. Utanitumia alama ya kicheko nami sitajua kama unacheka. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Nauli yako nimelipa mimi peke yangu makusudi, ili usiwe na deni la aibu kwa mtu yeyote. Sisubiri unirudishie gharama. Mambo yakienda kombo wiki ya pili, niambie wiki ya pili, nitatafuta tiketi. Na kila Jumapili ukipiga simu ya video, kabla hatujasalimiana sana, kabla hujaniambia habari za mto na majabali, nionyeshe mikono yako. Mbele na nyuma.

Mkataba nimeuacha juu ya friji. Sijausaini bado. Nasubiri jibu la mdhamini kuhusu zile saa.

Baba yako