Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Sisimizi wa Tramuntana

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za chama chetu cha wapenda wadudu hapa Mallorca zilifanyika kama mnavyozijua. Mwezi Aprili tulizunguka bwawa la Cúber, Juni tukawa na usiku wa nondo kwa taa na shuka jeupe, wanafunzi walitutembelea, na kabati la vielelezo lilisafishwa (na watu wawili, mmoja wao mimi). Waliokuwepo walifurahi, sina haja ya kurudia.

Mahesabu: wanachama kwenye daftari 46, waliolipa ada 17. Kwa euro 20 kila mmoja zimeingia euro 340. Zimetoka euro 512: ukumbi na bima 226, vichupa na spiriti 96, kipimo cha vinasaba 190. Pengo la euro 172 nimeliziba kwa mfuko wangu. Sisemi hivyo ili nisifiwe, bali mjue limezibwaje.

Sasa niingie kwenye jambo lililowafanya baadhi yetu wasisalimiane.

Wote mnajua kwamba kisiwa chetu cha Mallorca, Hispania, kina sisimizi wake, Lasius balearicus, asiyepatikana popote pengine duniani. Alielezwa kama spishi mpya na watafiti Talavera, Espadaler na Vila katika makala ya mwaka 2015, na ndiye sisimizi wa kwanza kutambuliwa kuwa ni wa visiwa vya Balearic peke yake. Anaishi juu katika milima ya Tramuntana, kuanzia kama mita 800 hadi karibu 1,400. Huku chini yupo nduguye Lasius grandis, mweusi-kahawia, aliyejaa kila bustani. Wawili hawa walitengana takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita, lakini ukiwatazama kwa haraka utaapa ni mtu na mdogo wake. Sisi tuliokulia pwani ya Afrika Mashariki tumezoea majimoto wa kwenye miembe, mdudu asiyesubiri utambulishwe kwake. Huyu wa Tramuntana anataka subira.

Mwaka huu orodha yetu ya wadudu wa kisiwani iliingiziwa rekodi tatu za "balearicus" kutoka chini, mojawapo kutoka bustani ya Sóller, karibu na usawa wa bahari. Nilizifuta zote tatu. Ndiyo, mimi, na kalamu ilikuwa yangu.

Sababu ni hizi. Rekodi zote zilikuwa picha za simu, na hoja pekee ilikuwa rangi: sisimizi ni wa manjano-manjano, basi ni yeye. Lakini kibarua (sisimizi mfanyakazi) wa grandis aliyetoka kwenye kifukofuko juzi naye amepauka, kwa sababu ngozi yake haijakoza. Mpe siku chache, atakuwa mweusi kama wenzake. Kwenye picha ya Sóller, ukiikuza, yule wa manjano mmoja amezungukwa na weusi watupu. Nilimwonyesha mwenye picha hao weusi waliomzunguka, akasema ni kivuli.

Linganisheni na sampuli iliyotoka milimani, juu ya monasteri ya Lluc. Kibarua wa milimita tatu na ushee, amebandikwa kwa tone la gundi kwenye ncha ya karatasi ya pembetatu, sindano imepita kwenye karatasi bila kumgusa mwili. Chini ya hadubini (ambayo, kwa kumbukumbu, niliikopesha chama tangu mwanzo) vipapasio vina pingili 12, na mwisho wa tumbo kuna kitundu cha mviringo chenye ukingo wa nywele, anakorushia asidi, maana mwiba hana. Hadi hapo umejua ni Lasius tu, si zaidi. Ila rangi yake iliyopauka ni ya mwili mzima, na vibarua wote wa chini ya jiwe lile wako hivyo hivyo, wakubwa kwa wadogo. Hata hapo sikuandika jina. Nilipeleka maabara sampuli ya Lluc pamoja na ya Sóller, ambayo mwenye bustani alikubali kuitoa baada ya kubembelezwa sana. Majibu yalirudi: ya juu ni balearicus, ya chini ni grandis. Karatasi iko kwa katibu, anayetaka akaisome.

Mnalalamika kwamba sikuuliza mkutano kabla ya kutumia euro 190 za kipimo hicho. Mkutano niliuitisha mara mbili. Wa kwanza walikuja watu sita, wa pili wanne, na mmoja wa hao wanne alikuwa amekosea mlango. Ningemuuliza nani? Na yapo maneno kwamba nilifuta rekodi ya Sóller kwa sababu ya uchaguzi wa chama. Wadudu hawapigi kura.

Wengine wanaona ni ubishi wa jina tu. Sivyo. Walioeleza spishi hii walionya pale pale kwamba joto linavyozidi, makazi yake yatapungua, na mdudu aliyekwisha fika kileleni hana pa kupanda tena. Tukiandika kwamba yuko hadi bustani za pwani, anayesoma orodha yetu atadhani ameenea na yuko salama. Kwa hiyo kuanzia sasa rekodi ya Lasius bila sampuli kwenye spiriti, yenye lebo ya mahali, kimo, tarehe na jina la aliyeokota, haitaingia. Vibarua wachache wanatosha. Malkia aachwe alipo.

Mwakani tunatarajia kupanda tena, pengine upande wa mlima Massanella, hali ya hewa na mahudhurio vikiruhusu. Kuna wazo la kijitabu, na la hadubini ya chama chenyewe, Mungu akijalia.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi jioni, ukumbi ule ule. Mweka hazina atakaa mlangoni na daftari.

Mwenyekiti