Wastani wa mtihani hautoshi kuipima shule

Mhariri,

Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, wazazi hukimbilia orodha ya shule kuangalia ipi imeshika namba ngapi. Naomba niseme kwa nini orodha hiyo haitoshi kuipima sekondari ya serikali.

Wastani wa shule huchanganya ufundishaji na aina ya wanafunzi walioingia. Shule inayochagua waliofaulu sana itang'aa hata kama walimu wake wanafundisha kawaida tu. Ile inayopokea kila mtoto wa jirani na kuwainua waliokuwa nyuma hubaki katikati ya orodha bila kusifiwa, na hilo linaniuma. Mzazi aulize wanafunzi waliingia na alama gani, wakatoka na zipi. Aulize pia wangapi waliondoka kabla ya mtihani, kwa sababu shule inayowapunguza wanafunzi dhaifu mapema hupandisha wastani bila kufundisha zaidi.

Kisha aende shuleni siku ya kawaida ya masomo, si siku ya sherehe. Aone kama maabara inatumika au ina kufuli, na kama walimu wa hisabati na sayansi wapo. Majengo mapya yasimzubaishe.

Na umbali, jamani! Mtoto anayesafiri kwa muda wa saa mbili kila asubuhi hufika darasani amechoka tayari.

Wakuu wa shule nao watoe takwimu hizi wazi, mzazi asilazimike kuzibembeleza.

Mzazi wa wanafunzi wawili wa sekondari