Kwa mdogo wangu aliye bara: kuhusu ukanda wa kifuani

Mdogo wangu, salaam aleikum.

Mama alinipa ujumbe wako huku anakuna nazi, kwa hiyo umenifikia nusu nusu. Kwamba tajiri wako ana farasi mpya, anataka kumwingiza mbio za nyika, zile za kupanda milima na kuruka magogo, na hamjui mumfunge ukanda wa kifuani au mumwache hivyo hivyo. Simu yangu umeifungia tangu Maulidi, basi najibu hapa. Watu wakisoma na wasome, nusu ya mtaa wetu wa Langoni hapa Lamu wanaijua habari yenyewe.

Tuanze na farasi, maana yeye hana kosa.

Ukanda ule kazi yake ni kuzuia tandiko lisirudi nyuma. Farasi akipanda mlima, akiruka gogo, akichupa kutoka majini, tandiko hutaka kwenda kiunoni. Na magogo ya nyika yamefungwa, hayaanguki kama zile fito za uwanjani, kwa hiyo tandiko likihama anayeanguka ni mpandaji. Lakini si kila farasi anauhitaji. Mwenye mgongo uliokaa vizuri, na tandiko likawa kipimo chake, anaweza kumaliza njia nzima bila ukanda. Mwenye kifua kipana na tumbo lililopanda nyuma kama la mbwa wa mawindo, huyo tandiko humkimbia.

Usibahatishe. Piga chaki kwenye manyoya, pale ukingo wa nyuma wa tandiko unapoishia, mpandishe mlima kwa mbio, urudi uangalie. Likiwa limesogea, kagua kwanza tandiko lenyewe, kisha ukanda wa tumbo. Unajua vile wanyama hawa huvimbisha tumbo wakifungwa, wakishatembea kidogo ukanda umelegea. Kaza tena. Hayo yote yakiwa sawa na bado linarudi, ndipo uufunge wa kifuani. Ukianza na wa kifuani unaficha ugonjwa.

Nilikwambia maneno haya haya pale kijijini Shela. Hukutaka kusikia.

Ulikuja na ukanda wa ngozi nyekundu, umeununua kwa mshahara wako wa kwanza, ukampa ami mbele ya watu. Ami alifurahi mpaka akakosa la kusema, na mimi nilifurahi, usidhani sikufurahi. Punda wake hajawahi kuvaa kitu cha dukani. Ukaufunga mwenyewe, umekatiza kifua kizima, juu, karibu na koo. Nikasema, yakhe, uko juu mno, na kamba ya tumbo imelegea. Ukaniambia, "Wewe unaswaga punda. Mimi natunza farasi."

Vijana waliokuwa wanashusha mawe ya ujenzi ya Maweni kutoka mashuani wakacheka. Sikukujibu.

Tukaanza kupanda ule mchanga. Sogi, ile mifuko ya mgongoni mwa punda, zimejaa mawe, kamba ya tumbo imelegea, mzigo ukaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, na kila ukirudi ukanda wako unapanda kooni. Nikasikia pumzi ya punda imebadilika, inapiga mluzi. Akapiga magoti ya mbele. Wewe ulikuwa unapekua bizimu, na bizimu imezama chini ya sogi, na vidole vyako vinatetemeka. Ningengoja nini? Nikatoa kisu nikakata.

Ukaokota kile kipande, ukaondoka bila kumuaga ami. Mimi ndiye niliyempeleka punda jioni ile kwenye hospitali ya punda, hiyo iliyoko hapa mjini tangu 1987. Wakamkagua koo, wakasema hana neno. Watu wako wanasema nilikuonea wivu. Wivu wa nini, na mimi ndiye niliyekufundisha kukamata hatamu, tukikimbiza punda pwani bila tandiko wala kikuku, umening'inia mgongoni mwangu umefumba macho?

Basi, ukiamua kumfunga farasi wa tajiri, tafuta ule unaotoka kwenye ukanda wa tumbo, ukapita kati ya miguu ya mbele, ukagawanyika kuelekea mabega mawili. Ngumi yako ipite kati ya ngozi na kifua. Ule wa kukatiza moja kwa moja ukikaa juu hubana koo, ukikaa chini na ukabana hushika mabega, na farasi anayeruka lazima mabega yake yawe huru. Mjaribu akiwa amenyoosha mguu wa mbele, si akiwa amesimama tu bandani. Tena ule wa kugawanyika una faida nyingine: mpandaji akiyumba hushika ile sehemu yake inayozunguka shingo, asivute lijamu akamuumiza mnyama kinywa. Kama tajiri wako bado anajifunza, kwa hilo tu ningeufunga.

Na usimruhusu akuharakishe. Wewe ndiye unayemfunga, likitokea jambo utaulizwa wewe, hataulizwa yeye.

Nitumie picha ya ubavu wake akiwa hana tandiko, amesimama mahali tambarare, nitakwambia kama tumbo lake ni la kukimbiwa. Mpe mama kama bado hutaki kunifungulia simu. Lakini mama amechoka kubeba maneno yetu, na juzi ameniuliza lijamu ni kitu gani.